Kengele Niliyoizima kwa Jina Lako

Mzee Kioko,

Nimeshasema. Wacha nianze na hilo, maana hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Leo asubuhi niligonga kwa meneja nikamwambia kwamba ile kengele ya seva ya barua pepe hukuizima wewe. Niliizima mimi.

Siku unaenda kulazwa ulinipa paswadi yako, begi tayari mkononi. Programu inayochunga seva zetu ilikuwa na akaunti moja tu yenye nguvu, yako, na sisi wengine kazi yetu kuchungulia juu ya bega lako. Ukaniambia, "Wambui, nikitoka hospitali tutampa kila mtu ruhusa yake." Siku ya tatu kengele ikaanza. Diski inajaa, diski inajaa, kila dakika kumi, na ofisi imejaa wageni. Nikaingia kwa jina lako, nikainyamazisha. Aki Mzee, kuirudisha nilisahau tu.

Diski ikajaa bila mtu kujua, seva ikazimika wiki tuliyokuzika, matawi yote yakashinda bila barua. Kufungua rekodi, jina ni lako. Meneja akasema marehemu alikuwa amechoka, tusimlaumu. Wote wakatikisa vichwa kwa huruma, na mimi nikatikisa. Siku hiyo kengele inazimwa ulikuwa kitandani, sindano ya maji mkononi, na hakuna aliyehesabu siku. Mkeo, Mama Mutheu, alipokuja kuchukua vitu vyako akaambiwa hivyo hivyo, kwamba asishangae, mwishoni ulikuwa unasahau. Alikunja sweta yako ya kijani akaenda. Tangu hapo chakula hakikunipita vizuri.

Leo meneja alinisikiliza hadi mwisho. Akauliza mbona sasa, miezi miwili imepita. Nikamwambia kwamba wewe, Mzee, huwezi kujitetea. Barua ya onyo nimepata, na ni haki yangu. Kisha akaniambia nizigawe zile ruhusa mara moja.

Nimezigawa, Mzee, vile ulivyotaka. Wengi wanatazama tu. Wa zamu wanaweza kunyamazisha kengele, lakini baada ya saa moja inajirudia yenyewe. Kubadilisha mipangilio ni watu wawili tu, na kila mmoja anaingia kwa jina lake.

Jioni nilipofika nyumbani Kabiria nilimpigia Mama Mutheu, nikatubu. Nilingoja matusi. Akasema, "Nilijua. Huyo mtu hata chumvi ya nyumba hakuwahi kuisahau." Akacheka, nami nikalia, halafu nikala sahani mbili za githeri.

Limebaki jambo moja. Nilitaka kukuachia akaunti yako, ruhusa ya kutazama tu, kwa mapenzi. Lakini nakujua. Ungenigombeza: mtu akiondoka, akaunti yake inafungwa siku hiyo hiyo. Nimechelewa miezi miwili, ila nimeifunga.

Lala salama, mwalimu wangu. Makosa nitafanya mengine, hilo siwezi kukuficha. Ila kuanzia leo, rekodi itasema Wambui.