Eti Uso Wangu Umekiri

4 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mwili haujambo, ila moyo umeniruka. Na wewe, wodi inakuachia upumzike?

Mama, nimesimamishwa chuo huku ugenini! Ripoti yangu na ya mwenzangu wa chumbani zimefanana neno kwa neno. Aliinakili yangu nilipokuwa maktaba. Tukaitwa mbele ya kamati. Mwenyekiti, mzee wa umri wa babu, akafoka, "Nani kaiba kazi ya mwenzake?" Nikafanya ulivyonilea: mkubwa akikasirika, inamisha macho, nyamaza mpaka apoe. Mwenzangu akamkazia macho, akadanganya bila kupepesa. Wakamwamini! Mimi eti uso wangu umekiri. Na ripoti yenyewe ni ya somo la kuishi na watu wa mila nyingine! Nina siku kumi za kukata rufaa.

Kitindamimba wako

7 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nilianza kukusoma nimesimama, nikajikuta nimekaa juu ya ndoo ya mashuka machafu. Adabu imekuwa kosa tangu lini? Watu wazima na shule zao zote!

Lakini hasira zangu hazitakurudisha darasani. Nenda, mtazame huyo mzee usoni, mweleze kwetu kuinamisha macho ni nini. Beba rasimu zako zote. Ukiona haya, mtazame katikati ya nyusi. Ndivyo ninavyowafanyia madaktari wakali.

Mama yako

15 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimerudishwa! Nilimtazama katikati ya nyusi, nikamweleza. Rasimu zilipofika mezani, mwenzangu akakiri. Mwenyekiti alizifunua moja moja. Kisha akasema, "Miaka kumi na tisa nakalia kiti hiki. Sijawahi kumuuliza mwanafunzi kwao wanafundishwaje."

Andika haraka, nataka kusikia kigelegele chako.

Kitindamimba wako

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi, Mungu anajua. Nimechelewa kuandika kwa sababu nimeona aibu.

Mwezi wa pili dawa za maumivu zilipungua wodini. Kama muuguzi mkuu, niliwauliza wauguzi wote. Karibu wote waliinamisha macho. Mmoja, mgeni kutoka nchi nyingine, alinikazia macho. Nikasema moyoni, jeuri huyu ndiye mwizi. Nikamshtaki kwa barua kwa uongozi, akafukuzwa.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilikwenda kumtafuta. Nikamuuliza kwao wanafundishwaje. Akasema, "Ukisema kweli, mtazame mkubwa machoni. Anayeangalia chini anaficha kitu." Jana dawa zenyewe zimeonekana stoo, kwenye boksi la dawa nyingine.

Kibali chake cha kukaa nchini kilikwenda na kazi. Nimeandika barua ya kukiri kosa, ofisi haijajibu. Kesho naingia kwa mkurugenzi bila miadi, anifukuze mimi akipenda. Leo asubuhi nimepita tena alikopanga. Mwenye nyumba anasema mizigo imeshafungwa.

Niombee nimkute.

Mama yako