Nimchagulie Mama ajenda gani ya elektroniki?

Mama Léontine mpendwa,

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, si padri, si rafiki yangu, wala kaka yangu Blaise: mama yangu anasahau. Nakuandikia kwa sababu siwezi kuyasema maneno haya kwa mdomo, na kwa sababu Mama siku hizi hasomi tena gazeti, anasema habari ni zile zile, kwa hiyo sina hofu kwamba atakutana na barua hii, ingawa majina yote nimeyabadilisha, hata langu.

Ninasoma mwaka wa tano wa sekondari, tunakaa mtaa wa Mikelenge, na Mama Joséphine, mama yangu, ni mkunga. Wakati wa vita, mafuta ya taa yalipokosekana mjini, alizalisha wanawake gizani kwa kupapasa tu, na tarehe za wote alizishika kichwani, watu wakasema kichwa cha Joséphine hakina mlango wa kutokea. Sasa vita imekwisha, taa zipo, na kichwa kile kile ndicho kinachotuangusha. Kila asubuhi Thaddée, karani wa kituo cha afya, humwandikia kwenye karatasi majina ya wanawake wa kutembelea majumbani, naye huikunja na kuitia mfukoni, anasema, "Nitaangalia," kisha anakwenda kwa mwanamke mwingine kabisa. Mwezi uliopita alikwenda kwa Mama Bulaimu hapa hapa Mikelenge, ambaye hakuwa na shida yoyote, na huko Alunguli, ng'ambo ya mto, Princesse mwenye mimba ya kwanza na miguu iliyovimba alimngoja mpaka uchungu ukamshika, akajifungulia ndani ya mtumbwi wakimvusha. Mtoto alichelewa kulia. Alilia, Mungu asifiwe, lakini mkubwa wa kituo alimwambia Mama mbele ya watu kwamba jambo hilo likirudi tena, atakaa nyumbani achunge kuku. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Basi mjomba wangu Idrissa, anayefanya biashara Kampene, alikuwa ameniahidi zawadi ya kufaulu mtihani, nami nikaamua iwe ajenda ya elektroniki ya Mama, kile kidude cha mkononi kinachoshika majina ya watu na tarehe, halafu kinalia saa ikifika. Kasereka, mfanyabiashara mzaliwa wa Butembo mwenye duka hapa kwetu, ameleta mbili kutoka Goma, na hapo ndipo mateso yangu yalipoanza. Ya kwanza ni nzuri, inaguswa kwa kalamu yake ndogo, ina mwanga ndani, lakini lazima ichajiwe, na wewe unajua umeme wetu. Ya pili ni ya kubonyeza, inatumia betri ya saa, lakini betri ikifa kila kitu kinafutika, watu wote pamoja na tarehe zao. Mwalimu wa fizikia anasema chukua ya pili. Blaise anasema chukua ya kwanza, ina michezo. Kasereka anasema, "Mutoto wangu, hii ya kalamu njo ya bakubwa, hata ba Monusi, ba askari ba UN, wanatembea nayo," na nikimuuliza betri inakaa siku ngapi anacheka na kuniuliza kama mimi ni polisi.

Nilimwomba aniachie ya pili niijaribu nyumbani, nikaanza kuingiza watu wa Mama, na hapo nikakwama tena. Mashine inapanga majina kwa herufi, na wanawake wote wa Mama ni Mama Fulani! Mama Bulaimu, Mama Malaika, Mama Soudi, Mama Gentille, wote wamejazana kwenye M kama watu kwenye kivuko, na kwenye herufi nyingine hakuna mtu, na mimi sina adabu mbaya ya kumwendea mtu mzima na kumuuliza jina lake la utotoni. Sehemu ya namba ya simu ni tupu kwa wote. Mama mwenyewe hanisaidii. Nilimpa aishike, akaigeuza chini juu, akaitazama kwa muda, akasema, "Iko muzuri sana," akanirudishia. Nikamwambia umeishika kichwa chini, akanikaripia kwamba alikuwa anazalisha watu kabla sijazaliwa.

Nimechoka. Wanawake wale Mama hahitaji hata kuwaona, akisikia mtu anakohoa uani anasema, "Karibu Mama Soudi," na ni Mama Soudi kweli, lakini tarehe yake, ambayo siku hizi inaandikwa kituoni, hana. Jioni ananiambia, "Soma Biblia weye, sauti yako iko muzuri." Anachagua mchele mwenyewe, hataki msaada, na tunatafuna mawe, Blaise amevunjika jino. Akili yake inakwenda wapi? Tafadhali niambie nichukue ya kalamu au ya kubonyeza, na kama ipo mashine nyingine inayofaa mtu anayesahau, maana Kasereka anataka jibu kabla hajarudi Goma, na Mama akisahau mara moja tu tena, tumekwisha.

Elodie, Mikelenge

*

Elodie mwanangu,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka chini, nikapiga meza. Wewe mtoto! Umeniandikia kila kitu, kwa mwandiko mzuri, bila kosa hata moja, na hukukiona ulichokiandika.

Karatasi inasema Alunguli, na mama yako haendi kwa sababu hajui inasema nini. Karatasi anaikunja. Gazeti ameliacha. Biblia unamsomea wewe. Mawe yamebaki kwenye mchele. Mashine ameishika kichwa chini na kuisifu. Lakini kikohozi cha mtu nyuma ya ukuta anakijua ni cha nani! Huyo ni mtu wa kusahau? Mama yako hajasahau kitu, binti. Mama yako haoni karibu. Na wewe umezunguka mji mzima ukimtafutia kioo kidogo chenye herufi kama mayai ya chawa.

Nakuhurumia, kwa sababu ulibeba hofu hii peke yako na ni nzito kuliko umri wako. Lakini pia nakugombeza. Umemuuliza mwalimu, umemuuliza kaka, umemuuliza mwenye duka, ambaye angekuuzia hata pasi ya mkaa akikuambia inashika tarehe. Joséphine hukumuuliza. Ulimwonea haya, naye akakuonea haya, na kati ya haya zenu mbili Princesse akazalia mtoni.

Usimhukumu kwa kuficha. Mkunga ambaye vita nzima alifanya kazi gizani, atasemaje sasa kwamba mchana unamshinda? Anafikiri wakijua watamnyang'anya sindano. Anaogopa hao kuku wa mkubwa wake kuliko wewe unavyoogopa.

Sasa sikia. Zungumza naye leo, mkiwa wawili tu, Blaise asiwepo. Usimtege kwa kumpa kitu asome. Mtu mzima hategwi kama panya. Mwambie umeona. Atakasirika, mwache akasirike, usikimbie. Kisha hili haliwezi kungoja hata kesho: mpaka apate miwani, dawa yoyote asiichome bila mwenzake kumsomea chupa kwa sauti, na karatasi ya Thaddée asomewe pale pale mapokezini. Kukosa tarehe ni hatari, lakini kuchanganya chupa ni kaburi. Halafu mpeleke kwa muuguzi wa macho. Akisema ni macho ya umri tu, miwani inauzwa sokoni, na huyo Kasereka wako anayo, au ataileta akitoka Goma.

Na kwa kuwa uliniuliza ajenda ipi: hakuna kati ya hizo mbili. Siku ukitaka kweli kununua, chukua yenye herufi kubwa na betri za kawaida zinazouzwa kila duka, na watu uwapange kwa mitaa yao, maana mkunga anatembea mitaa, hatembei herufi. Mashine yenu ilitengenezwa na watu wasio na Mama Fulani. Lakini kwanza macho.

Mama Léontine

*

Mama Léontine mpendwa,

Nilifanya hivi. Jioni ile ile nilimkuta Mama uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilisimama kwa muda mrefu, mpaka akaniuliza kama nimekuwa nguzo. Nikasema, "Mama, karatasi ya Thaddée huioni."

Mchi ulisimama. "Nani amekuambia?"

"Muchele, Mama."

Alinitazama, nikadhani atanipiga. Kisha akaanza tena kutwanga, kwa nguvu, na huku anatwanga akasema, "Vita yote nilizalisha mu giza. Hakuna mutu alikufa mu mikono yangu. Na sasa niseme niko kipofu?"

Nikasema hakuna aliyesema kipofu. Nikamwambia kuhusu chupa za dawa, kama ulivyoandika. Hapo aliacha kutwanga kabisa, akaketi, akasema kwa sauti ndogo kwamba chupa anazinusa kwanza na hajakosea bado, na kwamba kila siku anaomba Mungu.

Asubuhi alimwambia Thaddée mwenyewe. Thaddée hakucheka, alimsomea karatasi, na muuguzi mwenzake akamsomea chupa wiki yote. Muuguzi wa macho alisema ni umri. Nilimrudishia Kasereka ajenda yake, nikamwambia zawadi ya Mjomba Idrissa itakuwa miwani. Alinung'unika sana, kisha akatoa sanduku zima la miwani chini ya meza. Mama alijaribu moja baada ya nyingine, Kasereka akisema kila moja, "Hii, Mama, njo unakuwa mutoto tena!" na Mama akimjibu anyamaze aone. Alipopata inayofaa, akaichukua ile ajenda mezani, akaisoma, akaniuliza, "Hawa ba Mama wote hapa, wanafanya nini pamoja?"

Jumatatu alivuka mto kwenda Alunguli kwa Princesse. Mtoto anaendelea vizuri.

Jioni alivaa miwani yake, akachukua ungo, akachagua mchele. Rundo la mawe lilikuwa kubwa. Alilitazama, akamtazama Blaise, akanitazama mimi, akauliza ni nani alikuwa anatulisha vitu hivi.

Elodie