Plaki ya Motokari ya Muzungu

Emilienne, dereva wa lori anangoja karatasi hii. Ninaandika mbio.

Unajua ile motokari ya muzungu wa pamba, yenye iko chini kama chura? Mume wangu Zéphirin, fundi wake, aliifungia plaki ya namba mbele, chini kabisa. Mawe yakaing'oa. Akaifunga mudomoni mwa motokari. Kumbe motere inapumulia pale! Ikachemka, moshi tele.

Muzungu akafoka: "Nani ameziba mudomo?"

Polisi naye: "Bila plaki mbele, haitoki Kasongo."

Muzungu akamugeukia Zéphirin: "Basi utaishika wewe."

Ati "utaishika", Emilienne!

Fundi muzima! Wamemukalisha juu ya boneti, plaki kifuani, mpaka Kabambare. Wameisha kwenda.

Hakunipungia hata mukono. Yote miwili ilikuwa imeshika namba.