Viwavi wa Boksi la Viatu Hawakuruka

Bi Inshirah mpendwa,

Nisaidie, na tafadhali unijibu kwenye safu yako ya ushauri kabla Alhamisi ya wiki ijayo haijafika, maana nimechoka mpaka kalamu naiona nzito. Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Zifta, huu ni mwaka wa kumi na tisa, nina watoto thelathini na mmoja wa miaka minne na mitano wanaoniita Abla kutwa nzima mpaka jina langu nimelisahau, na msaidizi wangu ni mama mmoja wa usafi anayewapeleka chooni. Kila mwaka baridi ikishapungua tu, mwenye shule, Bi Ibtihal, anataka tusomeshe machipuko kwa vitendo, yaani maharagwe juu ya pamba iliyoloweshwa kwenye vikopo vya mtindi, mayai ya kuchemshwa na maganda ya vitunguu mpaka yawe mekundu, kapu la kupapasa lenye masuke ya ngano na maua ya mchungwa na majani ya kulisha ng'ombe, na kila kitu lazima kipigwe picha kifike kwenye kundi la wazazi kabla ya adhuhuri, kiasi kwamba mtoto akitia kidole kwenye udongo mimi namwambia toa kwanza, tazama huku, cheka, haya sasa tia tena.

Mwaka huu nilijitia kiherehere nikaleta viwavi wa hariri, kama tulivyofuga sisi utotoni, arobaini kwenye maboksi mawili ya viatu yaliyotobolewa matundu, na nakuambia kweli Bi Inshirah, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi darasa langu lilinyamaza lenyewe, watoto wameinamisha vichwa wanasikiliza viwavi wakitafuna, mmoja ananong'ona, "Abla, wanakula kama bibi yangu akiwa hana meno," na hata mimi nikasahau simu. Niliwafundisha mambo mawili tu na wote wanayajua kwa moyo, kwamba jani la mforosadi lazima liwe kavu kwa sababu jani lenye maji humwua kiwavi, na kwamba kiwavi haoti mabawa mpaka kwanza ajisukie kifuko alale humo. Majani alikuwa analeta Rodaina, ana miaka mitano, kwao ni pembeni ya mfereji ambako kuna mforosadi mmoja mkubwa, na zamani babu yake Haji Shawqi ndiye aliyekuwa akimbeba mabegani achume. Haji alifariki katikati ya baridi. Mama yake alimwambia mtoto kwamba babu amekwenda Kuwait kufanya kazi. Mzee wa miaka sabini na minne, mwenye magoti yale, Kuwait!

Ikaja likizo ya sikukuu ya machipuko, Sham el-Nessim, siku nne, nikayabeba maboksi nyumbani, na mama mkwe alikuwa anakuja na dada zake watatu na samaki wao wa chumvi, kwa hiyo nilikuwa nasafisha sebule, nachemsha mayai, naosha majani ya mzabibu ya kuviringia wali, beseni moja hili, mkono mmoja huu, na upepo wa khamasini umeanza kuleta vumbi jekundu mpaka kwenye vikombe. Nikayachukua majani ya mforosadi nikayaosha pamoja na yale ya mzabibu. Nikawapa viwavi yakiwa yanachuruzika maji, kisha nikafunika maboksi kwa nailoni vumbi lisiingie, nikarudi kuviringa wali. Sikuwafungua mpaka Jumatatu jioni wageni walipoondoka. Walikuwa weusi, wamelegea kama kamba za viatu, wote arobaini, na harufu sitaki kuieleza. Mimi, niliyewaimbisha watoto mwezi mzima kwamba jani liwe kavu!

Jumanne asubuhi nilimweleza Bi Ibtihal mlangoni, naye hata miwani hakuvua. Akasema, "Waambie wamekuwa vipepeo wameruka. Tatizo liko wapi?" Nikasema, "Watoto wataniuliza." Akasema, "Wana miaka minne, Abla, si wabunge." Basi nikaingia nikasema wameruka, watoto wakapiga makofi, tukapaka rangi vipepeo thelathini na mmoja, picha zikaenda, wazazi wakaweka mioyo. Rodaina peke yake hakupaka. Alisimama mbele ya meza yangu na majani yake mkononi, akaniuliza, "Waliruka vipi na hawakulala kwenye kifuko?" Nikamwambia kakae uchore.

Tangu siku hiyo, na leo ni siku ya tisa, kila asubuhi analeta majani, anayapangusa moja moja kwenye aproni yake mpaka yakauke, anayapanga dirishani, na ya jana yakinyauka anayaondoa mwenyewe. Juzi mwenzake alimcheka, "We Rodaina, wameshaenda zao, mjinga wewe!" naye akamjibu taratibu, "Hawakuaga. Na babu hakuaga. Wakubwa ndio wanasafirisha watu bila kuaga." Kisha akanigeukia mimi, "Abla, Kuwait kuna mforosadi?" Nilikwenda nikajifungia stoo ya karatasi.

Mama yake alikuja nikamweleza, akanishika mikono yote miwili analia, "Dada yangu, nakuomba kwa jina la Mtume, usinifungulie mlango huo, mwambie ndiyo, uko. Mimi mwenyewe bado sijaweza kulitamka." Na Bi Ibtihal ameshaagiza vifuko vya hariri kwa mtu mmoja Mansoura, anataka Alhamisi ya wiki ijayo kwenye tamasha la machipuko niviweke boksini niwaambie watoto kwamba vipepeo walirudi usiku wakataga, wakaacha watoto wao, na Rodaina ndiye afunue boksi mbele ya wazazi kwa sababu analia vizuri kwenye picha. Nilipositasita akasema, "Abla, wazazi wananiletea watoto wafurahi. Msiba wanao kwao." Viwavi wenyewe bado ninao, kwenye kopo la biskuti kibarazani kwangu, sijui kwa nini sikuwatupa. Nikisema kweli naweza kukosa kazi na nitamvunja mama wa watu, nikisema uongo wa pili sidhani nitaweza tena kumtazama yule mtoto. Na wakati mwingine, Bi Inshirah, nataka tu kulala. Nifanye nini?

Wako,
Aliyechoka, Zifta

*

Wewe Abla,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia. Mara ya pili nilikasirika, na bado nimekasirika, kwa hiyo vumilia.

Hasira yangu ya kwanza si juu ya majani. Mwanamke mwenye beseni moja, wakwe wanne na khamasini ndani ya nyumba ataosha kila kilicho kijani. Ningekuwa mimi pengine ningewaviringia wali. Hilo ni kosa la mkono, na mkono uliochoka hukosea. Lakini Jumanne asubuhi mkono wako haukuwa na kazi yoyote. Ulikuwa umesimama mbele ya watoto thelathini na mmoja uliowafundisha, kwa macho yao na vidole vyao, kwamba hakuna mabawa bila kifuko. Walikuamini kwa sababu waliona. Kisha ukawaambia wasiamini walichoona, waamini unachosema wewe. Rodaina peke yake alifaulu mtihani, nawe ukamwambia kakae uchore. Tuna nchi nzima ya watu waliowahi kuambiwa kakae uchore, dada yangu, na unajua walivyokuwa.

Usinililie kwamba ni wadogo. Mimi nilikuwa na miaka sita aliponunuliwa kondoo wa Idi, nikamlaza pembeni yangu wiki mbili. Asubuhi ya Idi shangazi akaniambia amekwenda kuhiji. Nikala nyama nikiuliza atarudi lini, na binamu zangu wakacheka mpaka wakapaliwa. Mwaka huo huo, walipokuja kuniambia kwamba shangazi yangu huyo ni mgonjwa lakini atapona, sikumwamini mtu yeyote nyumbani, hata baba. Alipona kweli. Mimi nilikuwa nimeshamlilia peke yangu chini ya kitanda kwa muda wa wiki nzima. Huo ndio uwongo wa huruma: mtoto anabaki na msiba wote, ila bila watu.

Bi Ibtihal sina maneno mengi naye. Mwambie vifuko vyake vya Mansoura avirudishe alikovitoa, au aviweke ofisini kwake apige navyo picha. Mtu anayemchagua mtoto kwa sababu analia vizuri asiachiwe hata kikopo cha maharagwe. Atakufukuza? Huenda. Lakini mwalimu wa miaka kumi na tisa, anayeweza kunyamazisha watoto thelathini na mmoja kwa kiwavi, hapatikani sokoni katikati ya muhula, naye anajua. Mwambie kabla, mlangoni pale pale, usimshtukize. Mwambie, "Jumapili nitawaeleza," usimwombe ruhusa.

Sasa mama wa Rodaina, na hapa nenda polepole. Kifo cha viwavi ni chako, umekisababisha, ukiseme. Kifo cha Haji Shawqi si chako. Usikiguse. Kamwone kesho mchana, nyumbani kwake, ukiwa umekaa, si mlangoni. Mwambie hutasema lolote juu ya babu, lakini pia hutasema kwamba Kuwait kuna mforosadi. Mwambie siku utakayosema viwavi wamekufa, mtoto atarudi nyumbani na swali, tena atarudi nalo siku hiyo hiyo kabla chakula hakijapoa. Anafikiri akinyamaza mtoto hajui. Mtoto anajua. Anachosubiri ni ruhusa ya kulia mbele ya mama yake. Mwulize kama anataka uwepo. Akisema ndiyo, nenda, hata kama miguu inauma.

Jumapili asubuhi acha simu kwenye mkoba, na mkoba uache stoo. Kaa chini sakafuni na lile kopo la biskuti. Unajua vizuri kwa nini hukulitupa. Waambie, "Viwavi hawakuruka. Wamekufa. Mimi niliosha majani, nikawapa yana maji. Nilikosea, kisha nikawadanganya." Sentensi hizo zinatosha. Usiwapambie, usiwaimbishe, usiwape rangi za kupaka. Fungua kopo, anayetaka kutazama atazame. Wengine watasema wananuka, wengine watacheka, yuko atakayeuliza kama na yeye ataoshwa afe, mjibu hapana na umkumbushe masikio bado yaoshwe. Kisha mwombe Rodaina awaonyeshe wenzake jani linavyopanguswa. Yeye ndiye mwalimu wa siku hiyo. Mchana wapeleke watoto mkawazike viwavi chini ya ule mforosadi wa mfereji, kama mama yake ataridhia, na udongo wachimbe wao kwa mikono yao. Si mlitaka machipuko kwa vitendo?

Na huko kuchoka kwako. Nakuamini. Watoto thelathini na mmoja kwa mtu mmoja ni dhuluma, kwa hiyo dai msaidizi wa kweli kwa maandishi wiki hii, ukiwa bado jasiri. Ila uchovu mwingine ulionao ni wa kusema toa kidole, cheka, tia tena. Huo hauponi kwa kulala. Unapona ukiacha.

Majani ya dirishani usiyaondoe. Ni yake, atayaondoa akiwa tayari. Na utakapomaliza kusema, wenzake wakishatawanyika, atabaki hapo mbele yako na kukuuliza kama watarudi. Mjibu: hapana. Halafu usiongeze neno. Kaa naye chini pale pale, hata kengele ikilia.

Inshirah