Simu ya Mama Mkwe Niliyoifunga kwenye 3G

Mpendwa Mshauri,

Nisamehe kwa kimya kirefu. Tangu uliponipatanisha na jirani yangu sijakuandikia tena, na leo narudi uso chini, naomba msaada. Mimi ni fundi wa redio, na ukweni mambo ya mitambo huniachia mimi, ila shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni mbishi, na tulipompelekea mama mkwe simu mpya akasema itumie mtandao wa 4G kwa kuwa una kasi na sauti yake ni safi, nami nikasema 4G ni ya kutazamia video, inamaliza chaji, 3G ndiyo ya mazungumzo, naye akanicheka mbele ya watu, "Shemeji, wewe ungeachiwa ungemnunulia mama redio ya mbao!", wote wakaangua kicheko, nami kwa hasira nikaingia kwenye mipangilio, nikachagua "3G pekee", nikamwambia mama asiiguse mtu, hata mwanawe, akaitikia, "Sawa, baba, wewe ndiye unayejua."

Sasa kampuni imezima 3G kule kwao, na tangazo nililisoma nikalipita tu. Mke wangu akipiga anaambiwa mama hapatikani, anaamini mama amezima simu kwa sababu ya maneno waliyorushiana kuhusu harusi ya mdogo wake, na mama naye anaamini mwanawe amemtupa. Juzi shemeji alirudi kutoka huko, akasema mama kila asubuhi anaichaji ile simu, anaipangusa vumbi, anaiweka kwenye stuli karibu naye; alipotaka kuitazama akafokewa, "Mkwe wangu amekataza!", na alipompa ya kwake ampigie binti yake akasema, "Namba yangu anayo." Mke wangu alilia pale mezani, akisema mama huichaji kila siku ila kwake yeye huizima, nami nilikuwa nakoroga chai ambayo sikuwa nimeitia sukari, maana nikisema ukweli, shemeji atanicheka mpaka nizikwe. Sijui nikiri, au niende kimyakimya nikaibadilishe. Nikishaamua, nitakuandikia.

Fundi Redio

Fundi,

Aibu hiyo unaistahili, wala sitakupunguzia. Kuhusu ubishi wenu: 3G ilibeba mazungumzo vizuri kwa wakati wake. 4G ina kasi zaidi, na sauti yake ni safi endapo simu na kampuni vyote vinaiwezesha. Pasipowezekana, simu iliyoachwa ijichagulie mtandao hushuka hadi 2G, ule wa zamani zaidi, ikaendelea kuita. Kwa hiyo hukukosea kwa kuipenda 3G. Ulikosea kwa kuifungia simu kila mlango isipokuwa mmoja ili ushinde ubishi, kisha ukaifanya imani ya mama kuwa kufuli.

Ukienda kimyakimya, simu itapona, lakini mkeo ataamini maisha yake yote kwamba mama yake alimzimia simu, akaiwasha alipojisikia. Je, kicheko cha shemeji kina uzito huo?

Leo, kabla ya chakula, mwambie mkeo kama ulivyoniambia mimi, pamoja na ile chai. Kisha nendeni wote watatu. Mama alikuamini wewe, basi wewe ndiye wa kumwambia, "Mama, nilikosea." Mkabidhi shemeji simu, aibadilishe kwa mkono wake. Atacheka, mwache acheke. Mkeo abaki uani, apige kutoka huko, na asiingie ndani mpaka mama apokee.

Umeniahidi barua ukishaamua. Hapa hapana la kuamua, ndugu yangu. Niandikie ukisharudi.