Baiskeli ya Baba Yako Iko Salama

Siachoque, Boyacá
4 Februari 2006

Kwako mwanangu mpenzi Dumar,

Nakusalimu sana, na naomba barua hii ikukute mzima, na kifua kisikusumbue kwa baridi ya Bogotá. Sisi huku hatujambo. Baba yako Eudoro anakusalimu, magoti ni yale yale, asubuhi anateremka kitandani kama mtu anayeteremka ukutani. Bibi yako Betsabé anakusalimu na anauliza kila siku kama umekula. Nikimwambia umekula, anauliza umekula nini. Dada yako Yaneth anakusalimu, ameanza darasa jipya ila hesabu bado zinamtoa jasho. Komadre wangu Herminda anakusalimu, yeye na mumewe, na wanamsalimu mtoto wao Edilson unayekaa naye chumba kimoja. Mwambie hata mimi mama yake wa ubatizo namsalimu, na avae soksi. Ng'ombe naye hajambo, amezaa ndama jike.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi. Don Campo Elías, huyu dereva wa basi anayekuletea mzigo, kaniambia kwamba Bogotá baiskeli zinaibwa hata mwenyewe akiwa amezikalia. Yeye anacheka, mimi nikashika kalamu. Mwanangu, baba yako alishindana mbio kwa baiskeli ile kila sikukuu ya mtakatifu wetu kabla wewe hujazaliwa. Siku aliyokukabidhi aliifuta kwa shati lake jipya, nami ndiye niliyelifua. Usiiache nje. Ukienda dukani ingia nayo. Ukienda misa ingia nayo, na padri akisema lolote mwambie ni mama kaagiza.

Kwenye kikapu kuna viazi, jibini na mikate ya mahindi. Nusu ni ya Edilson. Usimpe iliyoungua.

Mama yako,
Saturia


Bogotá
19 Februari 2006

Mama, shikamoo, na shikamoo kwa baba na bibi. Mimi ni mzima, Edilson pia, na soksi amevaa. Mzigo ulifika. Jibini halikumaliza siku mbili.

Kuhusu baiskeli usihangaike, ingawa mwanzo ilinihangaisha kweli. Mwenye nyumba wetu hupiga nta sakafu ya ukumbi, akasema magurudumu hayaingii kwake, viatu vyetu tu vinamtosha. Tumebembeleza mpaka akakubali tuipandishe begani, gurudumu lisiguse nta. Edilson ndiye anayezibeba, kwanza yangu kisha yake, kwa kuwa ni mrefu, na mama mwenye nyumba anatufuata nyuma na kitambaa.

Shida ilibaki mchana. Pale ninapooka mikate hakuna nafasi hata ya kuweka kofia. Kwenye maegesho ya magari nilimwomba mzee wa getini aniwekee, akaniuliza, "Na gari lenyewe liko wapi, kijana?" Wenzake wakacheka. Nikaifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya taa, jioni nikakuta kiti hakipo. Nilirudi nyumbani nimesimama njia nzima, na kila kijana wa mtaani alikuwa na neno la kuniambia. Kiti Edilson amenitafutia kingine, kwa hiyo baba asijue.

Yeye huyo huyo Edilson ndiye aliyegundua mahali pazuri. Kwenye kituo kikubwa cha mabasi mekundu kuna maegesho ya baiskeli, bure kabisa, yamezungushiwa wavu na yana mlinzi. Unaonyesha kitambulisho, unaandikwa, unapewa kibati chenye namba, baiskeli inatundikwa kwenye ndoano. Aliyeingiza ndiye anayetoa, na sharti itoke kabla hawajafunga. Sasa naoka mikate moyo umetulia.

Mwanao,
Dumar


Bogotá
8 Machi 2006

Mama, shikamoo. Natumaini wote hamjambo. Nimeshindwa kupiga simu, kwa sababu pale dukani mnakopokelea kila mtu anasikiliza.

Baiskeli haipo. Jumamosi tulipata kazi nyingi ya mikate ya harusi, nikaona sitawahi kabla ya kufunga. Nikampa Edilson kibati changu akanitolee, nikidhani namba itatosha. Alirudi mikono mitupu. Anasema mlinzi alikataa kumpa, akakichukua na kibati chenyewe. Jumatatu nimekwenda, ndoano yangu ina baiskeli ya mtu mwingine. Mlinzi aliyepo ni mgeni, ananiambia bila kibati hana la kunisaidia, na aliyekuwepo Jumamosi amehamishiwa kituo kingine.

Edilson anaapa. Ni yeye tu aliyekuwa na kibati. Usimwambie baba kwanza.

Mwanao,
Dumar


Siachoque
12 Machi 2006

Mwanangu Dumar,

Salamu nyingi. Sisi wazima, isipokuwa baba yako. Ilibidi nimwambie, aliniona nimeshika barua huku maziwa yanamwagika jikoni. Alikwenda kukaa kwenye banda pale ilipokuwa ikitundikwa, na chakula cha mchana kikapoa.

Asubuhi yake nikapeleka maziwa barabarani. Don Porfirio wa gari la maziwa akaniuliza mbona macho yamevimba. Nikasema, mwanangu. Nilisema yote, mbele ya watu wote waliopanga makopo yao. Nilisema, "Baiskeli ya Eudoro imekwenda na Edilson, yule niliyembeba kwa mikono yangu hii mpaka kwenye maji ya ubatizo. Mkono uliotumwa kuichukua ndio ulioiuza."

Komadre Herminda alikuwa nyuma yangu na kopo lake. Alilibeba vile vile limejaa, akarudi nalo njia nzima ya kupanda. Watu wakampisha. Jioni mumewe akateremka dukani kumpigia simu Edilson, na wanasema alikuwa anapiga kelele mpaka mwenye duka akatoka nje kwa aibu.

Bibi yako amenikemea. Anasema makomadre hawatoleani maneno hata wakichomana moto, kwamba waliokutana kwenye ubatizo wa mtoto ni zaidi ya ndugu, na aliyevunja hilo haendi kupokea komunyo. Nikamjibu kwamba mimi siye niliyeiba. Mwambie huyo kijana aseme alikoiuza, tutaikomboa, na baba yake hatamgusa. Nitamwombea mwenyewe.

Mama yako,
Saturia


Bogotá
2 Aprili 2006

Mama, shikamoo. Kaa chini kwanza ndipo usome.

Baiskeli ya baba iko salama. Yule mlinzi wa zamani amerudishwa kituoni kwetu. Nilipomweleza, alitazama kitambulisho changu, akanitazama uso, akafungua stoo kwa ufunguo wake. Ilikuwa ndani na vumbi lake, kibati changu kimefungwa kwenye usukani. Akaniambia, "Kuna kijana mrefu alikuja na namba yako. Anayeingiza ndiye anayetoa, kwa hiyo nikajua ni mwizi, nikaificha." Akangoja nimshukuru. Nilimshukuru, mama, na sauti haikutoka vizuri.

Yaani Edilson alisema ukweli tangu mwanzo, neno kwa neno.

Naye hayupo. Siku ile baba yake alipompigia alirudi chumbani, akafunga nguo zake, akabeba baiskeli yake begani ili isiguse nta, akatoka. Sikumzuia. Tangu Jumatatu ile nilikuwa nalala na pesa zangu ndani ya soksi, naye aliona. Kazini kwake, kwenye lile jengo wanalojenga, wanasema ameacha. Nimeuliza kwa watu wa kwetu wote ninaowajua huku. Nyumbani kwao amepiga simu? Tafadhali mama, ulizia taratibu.

Ningekuandikia mapema, lakini kila nikianza nasikia haya hata mbele ya karatasi.

Mwanao,
Dumar


Siachoque
6 Aprili 2006

Mwanangu Dumar,

Nakusalimu. Baba yako anakusalimu, bibi anakusalimu, Yaneth anakusalimu. Kwa komadre hakuna salamu, na sitakudanganya kwamba ipo. Barua hii naandika peke yangu. Yaneth kawaida hunisahihishia, leo nimemtuma kuni ambazo hatuzihitaji, sitaki mtoto asome haya. Vumilia mwandiko.

Barua yako niliisoma nimesimama, sikukaa kama ulivyosema, nikajuta. Uso uliniwaka kama nimeinamia chungu. Baba yako alipoambiwa baiskeli ipo alitabasamu, kisha akaniuliza, "Na mtoto wa watu?" Akatoka kwenda bandani tena.

Nilikamata kuku yule mweupe nikapanda kwa komadre. Ulijua mbwa wao hunijua? Hakubweka, na hilo liliniumiza kuliko kama angeniuma. Mumewe akatoka mpaka kwenye waya wa uzio, hakufungua. Yeye komadre alisema kutoka ndani, sikumwona, "Hapa hakai mwizi, doña Saturia, umekosea nyumba." Doña, mwanangu, kama mgeni anayepewa heshima ya mbali. Miaka yote hii sikuwahi kuwa doña kwake. Nikasema baiskeli imeonekana, nikasema nimekosa. Halafu akasema, "Kuku wako mpeleke nyumbani. Mimi nataka kusikia sauti ya mwanangu." Hajapiga simu, Dumar. Hata kwao hawajui aliko.

Basi nikaona, nililosema kwenye maziwa nitalirudisha kwenye maziwa. Nilipofika tu, don Porfirio akanitania, "Na leo ameiba nani, doña Saturia?" Watu wakacheka. Nikamwambia leo ni mimi. Nikaweka kopo chini nikasema kwamba Edilson hakuchukua kitu, kwamba alisema kweli na mimi nikasema uongo juu yake, na yeyote aliyeyapeleka yale maneno ya kwanza ayapeleke na haya. Hakuna aliyecheka tena. Don Porfirio alimimina maziwa yangu bila kunitazama. Nilirudi nimejifunika ruana, lile vazi langu la sufu, mpaka puani, na baridi wala haikuwepo.

Mtafute mtoto. Baiskeli iache nyumbani ukitaka, wala usiiandike tena kwenye barua. Mtafute.

Mama yako,
Saturia


Bogotá
20 Aprili 2006

Mama, shikamoo, na wote nyumbani.

Nimemwona. Nilifikiri hivi: popote anapofanya kazi, baiskeli yake lazima iwekwe mahali, na yeye nguzo za taa haziamini. Nikaanza kuzunguka kwenye maegesho yote yenye mlinzi, kila siku nikitoka kazini. Kwenye kituo cha kaskazini nikamkuta anatundika yake kwenye ndoano. Amekonda. Anabeba magunia ya viazi sokoni, kwa watu wanaotoka upande wa kwetu, lakini hawajui yeye ni mtoto wa nani, na ndivyo anavyotaka.

Nilimwomba radhi, nikamwambia ulivyosema mbele ya watu wa maziwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia hivi, nami nakuandikia kama alivyosema: "Mama wa ubatizo alinisema sipo, na amenisafisha sipo. Siku akitaka kuniambia, aje nikiwepo." Nikamwambia basi ampigie hata mama yake mzazi. Akasema hawezi, kwa sababu simu ile ya dukani ndiyo baba yake aliyomwitia mwizi, na dukani wote walisikia.

Nilimpa nusu ya mzigo wako. Alichukua viazi tu. Kila asubuhi huweka baiskeli pale, jioni huitoa. Sijamfuata anakolala, nikiogopa atahama.

Mwanao,
Dumar


Siachoque
24 Aprili 2006

Mwanangu Dumar,

Nakusalimu sana, na ahsante kwa macho yako na miguu yako. Baba anakusalimu, bibi na Yaneth wanakusalimu. Pasaka sikupokea komunyo. Wote walisimama kwenye mstari, mimi nikabaki kwenye benchi natazama viatu vyangu, na bibi yako, yule aliyenikemea, akabaki amekaa karibu yangu.

Barua yako nilipoimaliza nilipanda tena kwa komadre, safari hii bila kuku. Nilisimama kwenye waya nikasoma kwa sauti yale yanayomhusu Edilson. Nilisoma vibaya, unanijua, maneno marefu yananikwama. Lakini nilipofika pale kwenye amekonda, mlango ukafunguka.

Alikuja mpaka kwenye waya. Amekonda na yeye. Akaniambia nisome tena sehemu ya magunia, nikasoma. Akaniambia nisome sehemu ya simu, nikasoma, na mumewe aliyekuwa anapasua kuni akaweka shoka chini. Halafu komadre akauliza, "Unakwenda lini?" Nikasema Alhamisi, na basi la don Campo Elías. Ukweli ni kwamba nilikuwa bado sijakata shauri. Bogotá sijawahi kufika, na hata Tunja kichwa huniuma. Lakini aliuliza kama jambo lililokwisha, nikajibu hivyo hivyo.

Akasema, "Na mimi nakwenda. Ila sikai na wewe."

Kwa hiyo tunakuja, mwanangu, yeye viti vya mbele, mimi vya nyuma. Don Campo Elías ameshacheka vya kutosha, nikamwambia akicheka Alhamisi nitateremka na kumwachia aibu yake. Baba yako alitaka kuja, magoti yamemkatalia. Amenituma nimwambie Edilson kwamba yeye hakuamini hata siku moja. Nimemuuliza mbona hakunikataza. Amesema alikuwa anahuzunikia chuma, na amejiona mdogo.

Nitakachomwambia mtoto bado sijui. Nimejaribu kukipanga nikikamua, na kila nikifika kwenye jina lake naanza upya. Labda ataniona tu vile nilivyo. Akigeuka akapanda baiskeli yake akaondoka, nitajua nimestahili, na utanirudisha kituoni, na komadre atabaki naye. Cha muhimu ni yeye abaki naye.

Sasa nisikilize vizuri. Don Campo Elías anarudi Jumatano, mpe jibu mkononi, usimpe msaidizi wake. Niambie ni geti lipi la hicho kituo cha kaskazini, na saa anayotoka sokoni. Na umuulize mlinzi wa hapo, kwa adabu, kama wanawake wawili wasiokuwa na baiskeli wanaruhusiwa kungojea ndani ya wavu, au tutasimama nje. Nikisimama nje ataniona kutoka mbali, na nina hofu atapita. Niletee neno upesi.

Mama yako,
Saturia