Popo kwenye simtanki letu

Rahma, acha kila kitu unisikilize.

Unamjua Wolfgang wangu na popo wake wa darini. Kila jioni anatoa kiti nje, anawahesabu wakitoka. Sawa, nilishazoea.

Leo mchana maji ya jikoni yananuka. Nikapanda kwenye simtanki la maji ya mvua. Halina mfuniko! Popo watatu wanaelea, wamevimba, manyoya yanabanduka. Watatu, Rahma! Nimetapika palepale kwenye ngazi.

Namuuliza mume wangu mfuniko uko wapi. Ananijibu taratibu kabisa, "Niliutoa wiki iliyopita. Wanakunywa huku wanaruka, wanapendeza kuwaangalia."

WANAPENDEZA! Na sisi wiki nzima tunapikia hayo maji!

Na mama mkwe alikuwa hapa tangu Jumamosi. Kila asubuhi vikombe vitatu vya chai, anasifia, "Mama Elineema, maji yenu matamu kuliko ya kwetu Sigino." Asubuhi hii wakati anaondoka nimemjazia dumu zima, kwa mikono yangu hii.

Sasa hivi amenipigia kushukuru. Jumuiya inasali kwake leo, akina mama kumi na wawili, chai imeshamiminwa.

Nikamwambia, "Karibuni sana, mama."